Otha Stallworth, Aliyetaka Kila Mtu Aitike kwa Jina Lake

Tumekusanyika mapema kuliko ilivyotangazwa. Watabiri wa hali ya hewa wanasema dhoruba itafika Tarwater mchana, na marehemu asingependa kuona mtu yeyote amesimama karibu na shimo lililo wazi wakati upepo wa kusini unapogeuka. Kwa hiyo wasifu huu utasomwa taratibu lakini hautacheleweshwa, na mnaombwa muusikilize hadi mwisho, kwa sababu mwisho wake una kazi kwa baadhi yetu.

Otha Lee Stallworth alizaliwa tarehe 14 Februari 1948 katika nyumba ya mbao nyuma ya mashamba ya pamba ya akina Tuttle, nje kidogo ya Tarwater, kusini mwa Alabama. Alikuwa mtoto wa pili wa Ivory Stallworth, mchimba visima, na mkewe Lucindy. Kaka yake alikuwa Cleophus, na baadaye akazaliwa dada yao, Arzula. Siku aliyozaliwa, baba yake alikuwa chini ya kisima cha watu, upande wa pili wa kijito. Mkunga alimtuma jirani, naye akapiga kelele kutoka ukingoni: "Ivory! Ni mwanamume!" Jibu likapanda kutoka gizani: "Mpeni maziwa. Kesho aje kazini." Bi Lucindy hakumsamehe mumewe kwa hilo mpaka Krismasi.

Masomo yake aliyapata katika shule ya vyumba viwili nyuma ya Kanisa la Kibaptisti la Mlima Nebo, kwa mwalimu Bi Pinkston, hadi darasa la nane. Hesabu zilimshinda. Kusoma alikupenda, na maisha yake yote alisoma gazeti kwa sauti mezani, pamoja na matangazo ya vifo, huku wengine wakijaribu kula. Mwaka 1962 aliacha shule akaanza kufanya kazi na baba yake na Cleophus.

Ivory alichimba kwa sururu fupi na koleo, akijenga ukuta wa mbao kadiri alivyoshuka, na alikuwa na masharti yake. Kila asubuhi aliteremsha fanusi iliyowashwa. Ikizimika, siku hiyo hakuna anayeshuka. Alikuwa akisema visima vinapumua: siku njema vinavuta pumzi ndani, na dhoruba ikikaribia vinaitoa, na pumzi hiyo inayotoka ndiyo inayoua, kwa kuwa haina harufu wala rangi na haimwonyi mtu. Lakini fanusi ilikuwa ya asubuhi tu, na kazi ilikuwa ya kutwa. Kwa hiyo aliongeza sharti la pili. Aliye juu alitoa mstari wa wimbo, kama shemasi anavyotoa mbele ya kanisa, na aliye chini aliuitikia kwa kuuvuta polepole. Mwitikio ukipanda, mtu yuko hai. Ukikatika, toeni mtu.

Tarehe 20 Juni 1967 walikuwa wakimchimbia Bwana Tuttle kisima kando ya pamba yake. Asubuhi fanusi iliwaka vizuri. Kufikia adhuhuri mawingu yalikuwa yamejikusanya kusini, meusi upande wa chini. Cleophus alikuwa ndani. Ivory alikuwa ukingoni akitoa mistari. Otha, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshika mpini wa gogo la kuzungushia kamba. Wanawake waliokuwa wakipalilia walikuwa wamefika mwisho wa mistari ya pamba, hatua chache tu kutoka kisimani.

Kila aliyelelewa Mlima Nebo anajua kilichofuata, kwa sababu yeyote kati yetu angefanya vivyo hivyo. Ukisikia mstari umetolewa, unaitikia. Huulizi umetolewa kwa ajili ya nani. Wanawake wale wakaitikia, na wimbo ukajaa shamba zima. Ivory akasikia mwitikio, akaridhika, akatoa mstari mwingine, na mwingine tena. Ubeti ulipokwisha, wanawake wakageuka na majembe yao kurudi upande wa pili wa shamba. Kisima kikabaki kimya.

Kamba ilikuwa imefungwa kwenye ndoo. Cleophus hakufungwa kamba, kwa sababu mtu mwenye kamba kifuani hawezi kuchimba. Ivory akaingia kwenye ndoo akasema, "Nishushe." Otha akamshusha. Akamsikia baba yake akiita, "Cleo!" mara moja tu. Baada ya hapo hakusikia kitu.

Otha alikuwa ameshavusha mguu mmoja ukingoni pale Bi Odessa Maddox alipomfikia kutoka shambani. Alimkamata mikanda ya mabegani, akamwangusha chali, akamkalia.

"Niachie, Bi Odessa! Baba yuko kule!"

"Nilimjua baba yako kabla yako. Lala hapo."

"Nitakupiga!"

"Nipige. Ukimaliza kunipiga utakuwa bado uko juu."

Mvua ikawanyeshea hapo hapo. Maiti zilitolewa kesho yake, kisima kilipokuwa kimevuta pumzi tena.

Bi Lucindy aliomba shimo lile lijazwe udongo. Bwana Tuttle alisema huenda siku moja akayahitaji maji, akaweka kifuniko cha zege. Zege lilipasuka kabla ya mwaka kuisha, na tangu hapo, kila dhoruba inapokuja, ufa ule hupiga mluzi. Wengi waliomo humu wameusikia. Watoto wa barabara ya Tuttle walikua wakijua kuondoa nguo kwenye kamba wanapousikia. Otha alikuwa akisimamisha gari, anashuka, anaweka kiganja juu ya ufa na kuhisi ile hewa ya baridi ikimsukuma mkono, kisha anarudi nyumbani.

Hakuchimba kisima tena. Aliajiriwa kwenye kiwanda cha mbao, akalisha magogo kwenye misumeno kwa zaidi ya miaka thelathini, na vumbi lile ndilo lililomharibu kifua. Kiwanda kilipofungwa alinunua gari la kunyonya maji taka, ambalo wanawe waliliita Manukato, na baadaye mwanawe Lavon akaacha kazi mjini akajiunga naye. Hakuna nyumba ya mashambani hapa ambayo hawakuwahi kuinusuru siku ya harusi au ya msiba. Sheria yao ilikuwa moja. Mmoja akiwa karibu na tundu, mwingine anabaki kwenye gari, mkono kwenye kamba, na haondoki hapo hata akiona nini. Otha aliisema kwa maneno yale yale kila siku ya kazi: "Aliye juu anabaki juu."

Tarehe 3 Mei 1970 alifunga ndoa na Ernestine Dubose. Bi Ernestine ameruhusu jambo moja lisomwe leo, ambalo watoto wao hawakuwahi kuambiwa. Kabla ya uchumba alikwenda barazani kwa Bi Lucindy, akamkuta Otha anabambua kunde, akaketi kumsaidia.

"Otha, kuna kitu ukijue kabla hujaenda kwa baba yangu. Siku ile nilikuwa mstari wa kwanza wa pamba. Mimi ndiye niliyeanza kuitikia."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nakusikiliza wewe," Otha alisema. "Toka asubuhi nilikuwa nangoja mfike upande wetu. Ndiyo maana sikumsikia Cleo akinyamaza."

Walibambua kunde hadi bakuli likajaa. Kisha Ernestine akasema, "Basi sisi wawili hatutaitikia tena."

"Hatutaitikia."

"Na uache kudondosha kunde chini. Nusu ya chakula cha mama yako kiko miguuni mwako."

Ndivyo walivyochumbiana. Kwa karibu miaka hamsini na mitatu walikaa benchi moja hapa Mlima Nebo, na shemasi alipotoa mstari na kanisa zima likanguruma, wao walinyamaza. Wageni walidhani ni mabubu. Shemasi Gaines alipokuwa mpya alimfuata Otha mlangoni.

"Kaka Otha, Bwana angependa kukusikia ukiitikia."

"Bwana anajua nilipo, Shemasi. Asiyejua nilipo ni wewe, maana kila Jumapili unaangalia pai za Bi Gaines tu."

Nyumbani kwake kulikuwa na desturi ambayo wajukuu waliichukua kama utani. Ukiitwa, ulipaswa kuitika kwa jina lako. "Naam" haikukubaliwa, wala "nakuja". Binti yake Renetta, akiwa mama mzima aliyekuja likizo kutoka Birmingham, aliwahi kuitwa mara nne akiwa jikoni, na mara nne akaitika "Naam, baba." Mara ya tano alitoka na mwiko mkononi. "Renetta, baba! Renetta Stallworth, binti yako wa kwanza, nakaanga kambare wako! Kuna Renetta gani mwingine humu ndani?"

"Sasa nimekusikia," Otha akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Leo mnaelewa alikuwa akisikiliza nini.

Mwaka 2020 daktari alimpa mtungi wa oksijeni. Alilala nao, alikula nao, alipanda nao Manukato akiwa na mrija puani na kofia ya kiwanda kichwani. Alipenda mtindi na mkate wa mahindi uliovunjwa ndani yake, na mwishoni ndicho pekee alichoweza kumeza bila kukohoa. Novemba iliyopita daktari alimwambia asitegemee kuiona pamba ya mwaka huu. Alimwambia Ernestine usiku ule ule, na akamwomba watoto wasijue. Lavon, kwa hiyo, hakuwa akijua. Anajua sasa.

Katika majira hayo hayo ya baridi shamba la zamani la Tuttle lilipata wenyewe wapya, kijana Corey Hutto na mkewe Lindsey. Otha alikwenda kuwasalimu, akaomba akijaze kile kisima mwenyewe, kwa udongo wake. Corey alimjibu kwa heshima. "Mzee Otha, ni shimo tu. Nitalisafisha, niweke pampu, nimwagilie nyanya." Otha alirudi nyumbani. Bi Ernestine anasema kuanzia siku ile alikuwa akiamka upepo ukiwa wa kusini, akafungua mlango wa mbele, akasimama kwenye baraza na mtungi wake, kichwa kikiwa kimeelekezwa upande wa Tuttle. Mwishoni mwa Februari mluzi uliacha kusikika, hata siku za upepo. Alimwambia mkewe, "Wamekiondoa kifuniko." Asubuhi alikwenda tena. Corey alikuwa kazini. Akamwachia Lindsey ujumbe kwamba mtu asishuke upepo ukiwa wa kusini, na Lindsey akausahau, jambo ambalo amelisema mwenyewe huku akilia, na hakuna mtu wa familia hii anayemlaumu.

Otha Lee Stallworth alifariki Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, katika kisima kile kile. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Wiki hii mengi yamesemwa mjini, kwa kinyozi, dukani, na samahani, hata kwenye ngazi za kanisa hili. Imesemwa kwamba mwana mwenye mapafu mazima alimshusha shimoni baba mgonjwa, kisha akasimama juu akipiga kelele mpaka mzee akafa. Lavon hajajibu. Hajasema lolote juu ya siku ile, si kwa sherifu wala kwa mama yake. Yanayofuata yametoka kwa Lindsey Hutto, aliyekuja Jumapili na bakuli la makaroni, akaketi jikoni kwa Bi Ernestine, akayasema yote bila kuulizwa.

Corey alikuwa ameshuka kwa ngazi kusafisha tope. Anga ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Lindsey alimwita akakosa jibu, akakimbilia barabarani, na gari la kwanza kutokea lilikuwa Manukato. Otha alikuwa bado hajafungua mlango wake, Lavon ameshajifunga kamba kifuani.

"Toa hiyo kamba," Otha alisema. Alikuwa ameshautoa mrija puani.

"Baba, huwezi hata kupanda ngazi za kanisa."

"Sipandi. Nashuka."

"Baba, acha masihara!"

"Mimi daktari ameshaniambia. Kamwulize mama yako. Toa kamba, Lavon, kijana wa watu anakufa huku tunabishana."

"Nikuache ushuke mwenyewe? Watasema nini?"

"Watasema. Niapie utabaki juu."

Otha akamshika shingoni kwa mikono miwili, kama mtu anayemtuliza farasi. "Niapie, au naikata kamba hii na hatushuki wote, na huyu binti atatuangalia hivyo hivyo."

"Naapa."

Lavon akamteremsha. Kila baada ya muda mfupi aliita, "Baba!" na kutoka chini ikaja sauti, kama desturi ya nyumba ile ilivyotaka: "Otha!" Kamba ilikuwa moja. Alipofika chini aliifungua kifuani mwake akamfunga Corey, akasema, "Vuta." Lavon akavuta mtu mzima mwenye buti na tope, peke yake, mikono ikachanika. Akairudisha kamba chini. "Baba!" "Otha!" ilisikika, lakini sasa ilikuwa ndogo. Akaita tena. Hakuna aliyeishika kamba. Akaita tena.

Lindsey anasema alimwona Lavon akivusha mguu mmoja ukingoni. Alibaki hivyo, mguu ndani na mguu nje, muda ambao Lindsey hawezi kuupima. Kisha akautoa. Akapiga magoti, akaendelea kuita mpaka gari la zimamoto lilipofika, na baada ya hapo pia.

Corey Hutto yu hai. Amelazwa, anazungumza, na ameomba msamaha wake usomwe. Umesomwa.

Huyo Lavon ndiye mtu aliyesimama juu. Mwaka 1967 Otha alitaka kufanya alichotaka kufanya Lavon, na ilibidi Bi Odessa amkalie. Lavon hakukaliwa na mtu. Alijikalia mwenyewe.

Lakini familia inaogopa, na itasema hivyo wazi mbele ya jeneza hili. Kisima bado kiko wazi. Sherifu amekizungushia utepe wa njano, na hakipigi mluzi tena kwa sababu sasa kina mdomo mzima. Kila jioni tangu Alhamisi ile Lavon huenda pale akaketi karibu na ukingo. Mama yake akimwita haitiki. Renetta akimpigia simu, anaipokea na kunyamaza. Jumanne alikutwa ameshika kamba. Stallworth wawili walimfuata mtu kule chini kwa upendo, wakafia humo. Sote tunajua wa tatu anaitwa nani, na leo upepo ni wa kusini.

Kwa hiyo, wanaume wenye pikapu: tukitoka makaburini hatuendi kwanza kwenye kuku na sukuma wiki. Akina Hutto wamekubali, na udongo mwekundu umeshalundikwa langoni kwao. Kisima kitajazwa leo kabla ya mvua. Liachwe bomba moja la kutolea hewa, kama wazee walivyofanya, maana kitaendelea kupumua hata kikijazwa. Hakuna atakayeimba pale.

Marehemu ameacha watu wafuatao. Majina yao yataitwa sasa, na kila mmoja aitike kwa jina lake, kama alivyotaka mwenye nyumba. Mtu asimwitikie mwenzake. Kanisa linyamaze, lisikilize.

Ernestine Dubose Stallworth, mke wake.

Arzula Stallworth Pickens, dada yake.

Renetta na Vonceil, binti zake. Na wajukuu wake, Tyrell, Imani na Cleophus mdogo.

Bi Odessa Maddox, mwenye miaka tisini na minne, ambaye si wa damu lakini bila yeye hakuna hata mmoja wa waliotajwa hapa, mbali na mke na dada. Leo ameomba aketi kando ya Lavon, na amesema bado ana uzito wa kutosha.

Otha, pumzika kwa amani huko unakoshuka. Kazi yako ya kusikiliza tumeipokea.

Lavon Ivory Stallworth, mwana wake. Jeneza halitashushwa mpaka tumsikie, hata upepo ukigeuka tukiwa hapa.